Chukueni Ramani, Msizilemee Seva
Ramani ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, huchorwa kwa kujitolea: anayekijua kichochoro cha Kasulo, mtaa wa mji wa Kolwezi nchini Kongo (DRC) ambako wakazi walianza kuchimba kobalti chini ya nyumba zao mwaka 2014, anaweza kukiweka humo bila kulipwa. Leseni yake ya tangu 2012 inairuhusu hata kampuni ya migodi kuchukua data, mradi itaje chanzo. Ugomvi huzuka pale programu za nje zinapofyonza picha za ramani kwa mkupuo kutoka kwenye seva zinazoendeshwa kwa michango. Programu hizo zikifungiwa, watengenezaji wake hulalamika kwamba wamenyimwa haki. Hawajanyimwa kitu: leseni inatoa data, si huduma ya seva. Ndugu watengenezaji, pakueni data yenyewe, wekeni seva zenu, na muwataje wachoraji mahali panapoonekana.