Kwa nini haondoki? Hesabu ya mwanamke katika miji ya zahabu

Kasongo, Kabambare, Namoya, Salamabila: mahali pote ambapo wanaume wanaishi kwa kuchimba, ulizo ni lile lile. Usiku majirani wanasikia mwanamke analia. Asubuhi, kwenye maji ao sokoni, mtu anasema: "Kama bwana anamupiga kila siku, kwa nini haendi kwao?" Mwingine anajibu: "Alizoea." Wa tatu anamaliza: "Anapenda pesa ya zahabu."

Ulizo hilo linaanza mahali pabaya. Linamuuliza mwenye kupigwa, linamwacha mwenye kupiga. Ukimkalisha mama huyo umusikilize, utaona kwamba ana akili zake zote na anapiga hesabu kila siku. Anahesabu mahari, watoto, nyumba, njia ya kwenda kushitaki, na hatari ya kuuawa. Kila akihesabu, anakuta kuondoka kunamgharimu kuliko kubaki. Tuangalie hesabu hiyo moja moja, maana ni sisi wengine ndio tunaipandisha bei.

Fimbo inafundishwa

Uchunguzi mkubwa wa afya na watu uliofanywa nchini mwetu 2013-2014 ulionyesha kwamba wanawake 57 kwa 100, kati ya wale walioolewa ao waliowahi kuolewa, walipata jeuri ya bwana: mapigo, matusi ya kuwavunja ao kulazimishwa kitandani. Uchunguzi ule ule uliuliza kama bwana ana haki ya kupiga bibi kwa sababu fulani: kuunguza chakula, kutoka bila kuaga, kujibishana, kuacha watoto, kukataa kulala naye. Wanawake 75 kwa 100 walikubali walau sababu moja. Wanaume walikuwa 61.

Wanawake waliokubali ni wengi kuliko wanaume! Wengine watasema: "Munaona? Wao wenyewe wanataka." Hapana. Mtoto msichana anaona mama yake anapigwa, shangazi anapigwa, na wakubwa wanasema "njo ndoa". Akikua, fimbo kwake ni kama mvua: haipendi, lakini haoni kama kuna mtu wa kuulizwa juu yake. Na mtoto mwanaume katika nyumba ile ile anajifunza kwamba ngumi ni sehemu ya ubaba.

Dharau hiyo inafika mpaka kwenye shimo. Katika machimbo mengi ya mashariki wanasema mwanamke akikaribia shimo, zaidi akiwa katika siku zake, zahabu inakimbia. Lakini nani anatwanga mawe? Nani anaosha mchanga, anabeba maji, anapika? Ni mama. Mwaka 2012 serkali iliweka kanuni za kuhakikisha machimbo, na moja inakataza wanawake wenye mimba kuwa ndani. Kanuni hiyo ilikuwa ya kulinda. Mahali pengi ikageuzwa kuwa sababu ya kufukuza wanawake wote. Mama aliyefukuzwa kwenye mawe anarudi nyumbani bila franka yake mwenyewe, na hapo anaanza kumtegemea bwana hata kwa chumvi.

Mahari si risiti

Kitu cha kwanza katika hesabu ni mahari. Mama akirudi kwao na jicho limevimba, mara nyingi wazee wanamuuliza: "Tutarudisha mali ya watu na nini?" Mbuzi walishaliwa, dola zilishaoza kaka yake bibi. Basi anarudishwa na maneno matamu: "Vumilia, kila nyumba iko na moshi yake." Bwana naye anasikia kwamba hakuna mtu nyuma ya bibi yake. Siku hiyo ngumi inaongezeka nguvu.

Sheria yetu ya familia inataka mahari itolewe, hata kwa sehemu, mbele ya ndoa kuandikwa. Hakuna mahali inasema mahari inanunua mwili wa mtu. Kwa Waislamu, ambao ni wengi Kasongo, jambo liko wazi zaidi: mahari ni haki ya bibi-arusi mwenyewe, wala si ya baba ao kaka. Na kwa Wakatoliki, Kanisa linashika kwamba ndoa haivunjiki, lakini kanuni yake ya 1153 inamruhusu mtu kuachana na nyumba ambamo mwenzake anamletea hatari kubwa ya roho ao ya mwili. Basi mtu asifiche fimbo nyuma ya dini.

Pesa ya shimo, karatasi ya ndoa

Kazi ya shimo haina mshahara wa mwisho wa mwezi. Mchimbaji anaweza kukaa wiki nyingi bila kitu, anaishi kwa deni la PDG wa shimo ao la mnunuzi. Siku jiwe linatoka, pesa inagawanywa kule kule. Bibi nyumbani hajui ilikuwa ngapi. Anaona tu ile iliyobaki baada ya deni na pombe. Akiuliza, ndio mwanzo wa vita. Na Salamabila watu wanajua jinsi pesa inaweza kukatika kwa mara moja: mwaka 2019 kampuni ya Banro iliposimamisha kazi Namoya, nyumba nyingi zilibaki bila kitu.

Lakini tuseme ukweli: njaa haipigi mtu ngumi. Kuna wanaume waliokosa kazi na hawakuinua mkono, na kuna wenye pesa wanaopiga kila wiki. Umaskini unafunga mlango kwa mwanamke. Mkono ni wa mwenye mkono.

Kisha kuna karatasi. Ndoa nyingi za kwetu zinaishia kwa wazee, kwa sheikh ao kanisani, haziandikwi kwa état civil. Mbele ya serkali, mama kama huyo ni mgeni katika nyumba aliyoijenga kwa jasho. Hali ya bibi wa machimbo ni mbaya zaidi: bwana ana familia Kasongo, anaoa mwingine Salamabila. Sheria ya Kongo haikubali ndoa ya pili wakati ya kwanza ingali hai. Huyo wa pili akifukuzwa, hana kitu cha kudai kama bibi. Watoto wake tu ndio wana haki kwa baba yao, maana sheria inawahesabu warithi hata wakizaliwa inje ya ndoa, kama baba aliwatambua.

Njia ya kushitaki

Wengine wanasema: "Sheria iko, aende polisi." Kweli, sheria iko. Katiba ya 2006, kifungu cha 14, inaagiza serkali kupigana na jeuri juu ya wanawake, inje na ndani ya nyumba. Kupiga mtu ni kosa katika Code pénal tangu 1940, na hakuna mahali imeandikwa "isipokuwa bibi". Mwaka 2016 sheria ya familia ilirekebishwa: ruhusa ya bwana ambayo mwanamke alihitaji kwa kujifunga na mkataba iliondolewa, na miaka ya kuolewa ikawa 18 kwa wote. Ila sheria hiyo hiyo inaendelea kumuita bwana mkubwa wa nyumba, na wengi walisoma mstari huo mmoja tu.

Kati ya sheria na mama kuna barabara. Kutoka machimbo ya Kabambare mpaka Kasongo ni mwendo mgumu, na Kindu ni mbali zaidi. Kuna pikipiki ya kulipa, karatasi ya kulipa, siku za shamba kupotea. Akirudi, anarudi katika nyumba ile ile. Tena tusisahau: kuondoka ni saa ya hatari. Katika nchi nyingi imeonekana kwamba wanawake wengi wanauawa wakati wanataka kuachana ao wametoka tu kuachana. Mama anayesema "nikitoka ataniua" hasemi bure.

Mlango unafunguliwa na nani?

Kama kubaki ni hesabu, basi hesabu inaweza kubadilishwa. Wazazi wanaweza kusema siku ya mahari, mbele ya wote: "Mtoto wetu akipigwa, mlango wetu uko wazi, na hatutamudai mbuzi." Maneno hayo hayagharimu kitu na yanamfikia bwana mapema. Wenye ndoa waende kuandikisha. Mama awe na akiba yake, hata katika likelemba ya wanawake watano. Mwenye kupigwa aende kituo cha afya na aombe karatasi ya daktari, maana bila hiyo kesi inakuwa maneno tu. Aliyebakwa afike mbele ya masaa 72 kupita, ili apate dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi. Na mtu asimdanganye kwamba mambo yatamalizwa kwa amande: tangu 2006 sheria inakataza kumaliza ubakaji kwa njia hiyo.

Kwa wachimbaji kuna kazi yao pia. Ndani ya shimo, mtu akiona ukuta unapasuka, anapiga kelele mbele ya wenzake kufukiwa. Lakini mwenzake akijisifu kwamba "jana nilimunyoosha bibi", wote wanacheka. Kicheko hicho ndicho kinamwambia aendelee. Siku timu moja itakataa kucheka, bwana huyo atajua kwamba yuko peke yake, na bibi yake atakuwa amepungukiwa na adui kumi.

Basi ulizo lenyewe tuligeuze. Tusiulize tena kwa nini haondoki. Tuulize: kwa nini anapiga, na ni nani kati yetu anamshikia mlango?