Bawabu wa Moyo

Yuko adui mmoja asiyeonekana kwa darubini wala kushindwa kwa risasi. Adui huyo ni kukata tamaa. Kila askari aliyekaa miezi mingi katika kambi ya mbali, iwe Karamoja au Mogadishu, ambako majeshi ya Uganda yaliwasili mwezi wa Machi 2007, anamfahamu. Likizo imeahirishwa, habari za nyumbani si njema, mwenzako wa handaki amezikwa juma lililopita, na jua halitaki kusogea.

Wako miongoni mwetu wanaoiita hali hiyo woga. Mimi sikubaliani nao. Evagrius, mtawa Mkristo aliyeishi katika jangwa la Misri hadi alipofariki mwaka 399, aliieleza kana kwamba alipata kushika zamu pamoja nasi. Humjia mtawa, alisema, baina ya saa nne na saa nane mchana. (Saa zao zilihesabiwa tangu macheo, kama zetu za Kiswahili.) Siku huonekana ndefu mno; mtu huchungulia dirishani kila mara kulitazama jua, huchukia mahali alipo na kazi yake, tena hudhani kwamba ndugu zake hawampendi.

Dawa yake ilikuwa mtu asikikimbie chumba chake, bali awe bawabu wa moyo wake, asiliruhusu wazo lolote kuingia kabla ya kulihoji kama ni la kwetu au la adui. Ni nani aijuaye kazi hiyo kuliko mlinzi wa lango la kambi? Wazo lisemalo kwamba hakuna anayekujali lisimamishwe, liulizwe limetoka wapi, kisha lijibiwe kwa neno fupi la Maandiko. Evagrius aliandika kitabu kizima cha majibu ya namna hiyo. Vuta pumzi taratibu, litaje jina la Yesu, tazama kilicho mbele yako: mti, barabara, mwenzako aliye kushoto. Tumaini la Mkristo halimtaki ajidanganye kwamba mambo yote ni mema. Lamtaka akeshe mbele za Mungu katika saa hii moja. Askari wenzetu Waislamu wana dhikri, na sidhani kama watayaona haya kuwa mageni.

Sasa neno kwa makamanda. Nabii Eliya alipochoka hata akaomba kufa, chini ya mti jangwani, hakukaripiwa. Aliachwa alale, akaamshwa ale mkate na kunywa maji, akalala tena, akaamshwa ale mara ya pili, maana safari ilikuwa ndefu. Nami nimemwona afande akimtukana mbele ya gwaride kijana ambaye hakupata usingizi kwa siku tatu. Kijana yule alihitaji kulala, chakula cha moto, na kasisi wa kumsikiliza. Na askari akisema kwamba anatamani kufa, apelekwe kwa daktari siku ile ile, bunduki yake ikiwa imerudishwa ghalani.