Injini Nayo Hupumua

Barabara itokayo Morogoro kwenda Mgeta, kupitia Mzumbe na Mlali, hupanda Milima ya Uluguru kwa kona nyingi na miinuko mikali. Magari yateremshayo kabeji, karoti na viazi kutoka huko mengi ni makuukuu, na moja ya maradhi yao ni oili kuvuja katika tundu la kupumulia injini, ambalo mafundi huliita brida. Wako madereva wanaoliziba tundu hilo kwa kitambaa au kijiti. Kwa maoni yetu hilo ni kosa, lakini ni kosa lenye funzo kubwa kwa shule zetu.

Hebu tutazame chanzo chenyewe. Mafuta yaunguapo ndani ya silinda, gesi yenye kanieneo kubwa huisukuma pistoni. Ringi za pistoni huizuia gesi hiyo isipite, lakini haziwezi kuizuia yote. Kiasi kidogo hupenya hadi chini, penye kreki na sampu ya oili, na gari lipandapo mlima na mzigo mzito kiasi hicho huongezeka. Gesi hiyo hapana budi itoke. Ndiyo sababu pakawekwa tundu, pamoja na wavu wa kunasa matone ya oili.

Mwanafunzi ajua kwamba kani ni kanieneo mara eneo. Tuseme kanieneo ndani ya injini imeizidi ile ya nje kwa paskali 5,000, yaani takriban sehemu moja ya 20 ya kanieneo ya angahewa. Juu ya sampu yenye eneo la meta mraba 0.1, kani itakuwa nyutoni 500, karibu sawa na uzito wa gunia la kilo 50. Tundu likizibwa, kani hiyo itaisukuma oili ipenye kwenye gasketi na sili. Aliyedhani amezuia uvujaji mmoja ataanzisha mingine.

Basi ifaayo ni kuuliza maswali kwa utaratibu. Kwanza, je, oili imezidi kipimo? Gari lisimame mahali tambarare, injini ikiwa imezimwa, kisha kijiti cha kupimia kitazamwe. Oili ikizidi, kreki huipiga na kuirusha. Pili, je, wavu na bomba la tundu vimezibwa na masizi au vumbi? Vioshwe kwa mafuta ya taa, vikaushwe na kurudishwa. Tatu, injini ikiwa imepata moto na inanguruma polepole, je, moshi hutoka kwa nguvu mdomoni mwa kujazia oili? Ikiwa ndivyo, yaelekea ringi au silinda zimelika. Hapo mgandamizo wa kila silinda upimwe. Kwa injini ya petroli, silinda iliyo dhaifu hutiwa oili kidogo na kupimwa tena: mgandamizo ukipanda, ringi zimechoka, usipopanda, huenda kasoro iko kwenye vali.

Wapo watakaosema kwamba hiyo ni kazi ya gereji, si ya darasa. Hatukubaliani nao. Hapa pana dhana, jaribio na hitimisho, navyo ndivyo viungo vya sayansi. Mwalimu asiye na maabara kamili anaweza kumwomba fundi wa jirani awaonyeshe wanafunzi pistoni iliyochakaa. Fundi naye atafaidika kwa kusikia sababu za mambo ayafanyayo kwa mazoea.

Tena jambo hili lagusa watu wengi kuliko mwenye gari. Oili ikidondokea bomba la moshi lenye moto yaweza kuwaka. Ile imwagikayo barabarani huchukuliwa na mvua hadi vijitoni; na Uluguru ni chanzo cha Mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa Dar es Salaam, na cha Mto Ngerengere, uingiao Bwawa la Mindu linalowapa maji wakazi wa Morogoro.

Walimu wawafundishe vijana kutafuta kwanza kinachoisukuma oili nje, kabla ya kushika kitambaa.