"Mwanachama ametoka." Ametoka wapi?

Leo nimekuja na hasira kidogo, kwa hivyo nivumilieni.

Nimealikwa tena kwenye warsha ya "kugawa mfumo". Unazijua hizi. Hoteli ya Naivasha, chai ya saa nne na soseji, chupa ya maji mbele ya kila mtu, mshauri na projekta yake. Kabla ya chakula cha mchana mshauri ameshaonyesha mchoro wa visanduku saba, na ukivitazama vizuri visanduku vyenyewe ni idara za ofisi tu: Mikopo, Fedha, Masoko na kadhalika. Kila meneja anaona sanduku lake, anatabasamu. Picha ya pamoja inapigwa, karatasi ya marupurupu inasainiwa, watu wanarudi Nairobi. Sisi watunga programu ndio tunaoachiwa tukatekate mfumo kufuata mchoro ule.

Mimi nasema huo si mpaka wa mfumo. Ni orodha ya vyeo iliyozungushiwa mistari.

Kwa wale ambao hawajaingia katika mambo haya: mwaka 2003 Eric Evans alitoa kitabu chake, Domain-Driven Design, na moja ya hoja zake kubwa ni kwamba neno hubeba maana moja ndani ya mpaka fulani tu. Ukivuka mpaka, neno ni lile lile lakini kitu kimebadilika. Sisi Waswahili hatukuhitaji kitabu kulijua hilo. Mwambie mchinjaji akuletee mbuzi, kisha mwambie mpishi wa Mombasa aliyeshika nazi akuletee mbuzi. Vitakuja vitu viwili tofauti na hakuna aliyekosea. Sasa jaribu kutengeneza jedwali moja la "mbuzi" lenye safu ya uzito, safu ya umri na safu ya ukali wa meno ya kukunia, uone utakavyolia.

Mimi nimelia. Ngoja niwaeleze.

Miaka kadhaa iliyopita nilifanyia kazi Sacco moja, jina tuliache. Tulifanya warsha ya hotelini kama nilivyoieleza hapo juu, na mimi mwenyewe ndiye niliyeshika kalamu ubaoni. Tukakubaliana kwamba kuna kitu kimoja kinachoitwa mwanachama, na mwanachama ana hali mbili: yupo, au ametoka. Safi kabisa. Wakubwa walifurahi.

Sasa, anayejua Sacco anajua udhamini. Ukitaka mkopo unatafuta wenzako wakudhamini kwa amana zao. Programu yangu ilipoona "ametoka" ilifunga akaunti, na usiku ikafuta kila kilichofungamana nayo, dhamana zikiwemo. Mtu mmoja akaacha kulipa mkopo aliodhaminiwa na watatu. Wa tatu alikuwa "ametoka". Waliobaki wawili wakabebeshwa mzigo wa watatu, na mmoja wao alikuwa mwalimu aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu. Alikuja ofisini na bahasha ya stakabadhi zake zote tangu ajiunge. Nilikuwa nimeketi pale pale, na sikuwa na la kumwambia.

Tulipofanya warsha ya pili niliomba tusiende hoteli. Tulibandika karatasi ndefu ukutani pale pale ofisini, tukafuata njia ambayo Alberto Brandolini alianza kuieleza mwaka 2013 na kuiita EventStorming. Kwa ufupi: kila mtu anapewa vikaratasi vya rangi ya chungwa na kalamu nene, anaandika mambo yanayotokea kazini, tena kama jambo lililokwisha kutokea. Mkopo umeidhinishwa. Hundi imechukuliwa. Vinapangwa kwa mfuatano wa wakati, kushoto kwenda kulia. Penye ugomvi unabandika kikaratasi cha waridi na kuendelea. Hakuna kompyuta wala visanduku siku hiyo.

Niliongeza sharti langu moja: tunaandika na kusema Kiswahili. Meneja alicheka. Hakucheka tena baada ya nusu saa.

Maana mama mmoja wa kaunta, ambaye katika warsha ya kwanza hata hakualikwa, alisimama mbele ya kikaratasi kilichosema "mwanachama ametoka", akauliza, "Ametoka wapi?"

Afisa wa mikopo akamjibu, "Mama, ametoka ni ametoka. Barua yake ya kujiondoa imekubaliwa."

"Huyo kwetu hajatoka. Kwetu yupo mpaka achukue pesa zake."

Na kijana wa dhamana, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, akasema polepole kwamba kwao mtu hatoki mpaka apatikane mwingine wa kushika nafasi yake, au mkopo uishe.

Ametoka mara tatu, kwa maana tatu, na zote ni sahihi! Hapo ndipo mpaka ulipo. Haukuchorwa na mshauri wala na mimi. Ulikuwepo siku zote katika vinywa vya watu, na programu yangu ikaukanyaga.

Sasa nifike kwenye ugomvi wangu hasa. Waendeshaji wengi wa warsha, wakifika mahali kama pale, wanakimbilia maafikiano. "Jamani, tukubaliane tafsiri moja ya neno hili ili twende mbele." Wanajiona wapatanishi. Kumbe wameshika dhahabu na wanaitupa! Tofauti ile ndiyo uliyoitiwa kuja kuitafuta. Ukiwalazimisha watu watatu waseme kitu kimoja, mwenye cheo ndiye atakayeshinda, na kazi ya wale wawili itarudi kufanyika kwenye daftari chini ya kaunta. Nenda Sacco yoyote ukaulize kuhusu hayo madaftari.

Na hili la lugha si la uzalendo tu. Kazi ya kaunta inafanyika kwa Kiswahili, pengine kwa Kikamba au Kidholuo. Ukiiendesha warsha kwa Kiingereza, wanaoijua kazi wananyamaza na wanaoijua taarifa ya mwezi ndio wanaozungumza. Kutoka hapo unapata mfumo wa kutengeneza taarifa za mwezi.

Kuna wajuaji watakaoniletea Conway. Najua, Melvin Conway aliandika mwaka 1968 kwamba shirika hubuni mifumo inayofanana na mawasiliano yake. Mawasiliano, bwana! Hakusema chati ya vyeo. Katika Sacco ile, kijana wa dhamana na mama wa kaunta walikuwa chini ya mameneja wawili tofauti, lakini walikuwa wakiulizana mambo dirishani kila siku. Chati haikuonyesha hilo.

Wengine watasema ukuta na vikaratasi ni mchezo wa watoto na ni kupoteza siku ya kazi ya watu ishirini. Ni kweli, ni siku nzima, na mwisho wake huna hata mchoro wa kumpelekea mkurugenzi. Nimewahi pia kuendesha moja iliyokufa kabisa, kwa sababu nilimruhusu mwenyekiti aanze kwa hotuba; baada yake hakuna aliyeandika chochote tofauti na alichosema. Tangu hapo dakika ishirini za kwanza ni za kuandika kimya, kila mtu peke yake, mwenyekiti kalamu yake na mfagiaji kalamu yake.

Mfumo wa ile Sacco tuliugawa upya. Dhamana ina hifadhi yake na haijui kabisa neno "ametoka". Inajua tu dhamana iliyoachiwa na ambayo haijaachiwa. Ilichukua miezi mingi kuliko nilivyoahidi.

Hawa wa Naivasha nimewajibu kwamba nitakwenda kwa masharti mawili: nipewe ukuta badala ya projekta, na waje watu wawili wa kaunta ambao hawatakaa meza moja na meneja wao. Mpaka sasa hawajajibu.