Ukumbi wa Parokia Mchana: Tumpokee Kwanza Asiyejua Kusoma



Ndugu wasomaji, wengi wenu mnafahamu kwamba katika baadhi ya vigango vya mjini ambako sisi mafrateri tunatumwa kufanya utume, ukumbi hufunguliwa mchana siku za kazi ili watoto wa mtaa wapate mahali pa kusomea wakitoka shule. Mambo huanza kidogo: meza chache, boksi la chaki, katekista na mama mmoja mwalimu mstaafu. Watoto wakishakuwa wengi, maswali nayo yanafika kwenye halmashauri ya walei. Wazazi wengine wanataka masomo hayo yawe tuisheni ya darasa la saba, kwa mchango wa kila wiki. Wengine wanauliza kwa nini watoto wasio Wakatoliki wakalie viti vilivyonunuliwa kwa fedha za mavuno. Wapo pia wanaosema ukumbi ungekodishwa kwa sherehe ungelipa bili ya umeme. Hoja hiyo ya mwisho haitusumbui sana. Harusi hazifanyiki Jumanne saa tisa mchana.

Hizo mbili za kwanza ndizo zinazostahili jibu. Msimamo wetu ni kwamba kiti cha kwanza kiwe cha mtoto wa darasa la tatu, la nne au la tano ambaye bado hajui kusoma. Anayejiandaa na mtihani wa darasa la saba akaribishwe, lakini baada ya huyo.

Tunasema hivyo kwa sababu mtoto wa darasa la saba ana watu wengi wa kumsaidia. Shule yake inamtazama, kwani matokeo yake ndiyo yatakayobandikwa ukutani. Mtaani kuna vijana wanaofundisha tuisheni, na mzazi hata akiwa na kipato kidogo hujibana mwaka huo mmoja. Lakini ni nani anayefungua tuisheni ya kumfundisha mtoto wa darasa la nne herufi? Hakuna, kwa kuwa mara nyingi hata nyumbani hawajui kwamba hazijui.

Hapo ndipo tunapoomba msomaji atusikilize kwa makini. Mtoto asiyejua kusoma ana daftari zuri. Amekaa miaka mitatu au minne akinakili ubaoni, na mwandiko wake unaweza kuwa safi kuliko wa frateri. Mama akifunua daftari anaona kurasa zimejaa na alama za vyema nyekundu, anaridhika. Kwenye mafundisho ya Komunyo ya Kwanza anajibu maswali ya katekisimu bila kukosea, kwa sababu ameyashika kwa masikio. Sala zote anazijua. Akiambiwa asome, anasubiri mwenzake aanze, kisha anafuata sauti. Njia ya kumtambua ni moja tu: mpe hadithi fupi ambayo hajawahi kuiona, mkae wawili pembeni, asome taratibu. Atakutazama usoni badala ya kutazama karatasi.

Tusiwalaumu walimu. Tangu ada ilipofutwa mwaka 2016 kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne, watoto ambao zamani wangebaki nyumbani wameingia shuleni, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini yako madarasa ambamo mwalimu mmoja ana watoto zaidi ya mia. Hata akiwa mwalimu mwenye moyo, hawezi kumsikiliza kila mmoja akisoma. Serikali yenyewe iliona tatizo ilipoamua mtaala wa darasa la kwanza na la pili ujikite katika kusoma, kuandika na kuhesabu. Anayepita hapo bila kuzishika KKK anakutana na masomo yanayodai kwamba tayari anasoma, na kila mwaka anabaki nyuma zaidi. Akifika kidato cha kwanza, ambako masomo karibu yote yanageuka kuwa ya Kiingereza, anakuwa amebeba mizigo miwili.

Kanisa lina historia katika jambo hili. Tarehe 8 Desemba 1841, katika sakristia ya kanisa moja mjini Turin, mtunza sakristia alimfukuza kwa kipigo kijana Bartolomeo Garelli kwa sababu hakujua kutumikia Misa. Don Bosco aliagiza aitwe. Alipomhoji akakuta ni yatima, hajui kusoma wala kuandika, na kwenye katekisimu anaona aibu kukaa na watoto wadogo waliomzidi. Kazi yote ya Wasalesiani, wakiwemo walioko hapa kwetu, Don Bosco mwenyewe aliihesabu kuanzia kwa kijana huyo. Padre mwingine, Lorenzo Milani, alipelekwa mwaka 1954 kwenye kijiji cha milimani cha Barbiana, karibu na Florence, akageuza nyumba ya padre kuwa shule ya watoto walioshindwa shule nyingine. Huko wakubwa waliwafundisha wadogo.

Njia hiyo ya Barbiana inaweza kumaliza hata ugomvi wetu na wazazi wa darasa la saba. Mtoto wao aje, apate mahali pa kusomea, na nusu saa ya kwanza akae na mdogo mmoja amsikilize akisoma. Anayemfafanulia mwenzake sehemu hupata kuzielewa yeye mwenyewe.

Ila makundi yasipangwe kwa madarasa. Shirika la Pratham la India limeonyesha kwamba watoto wakipangwa kwa kiwango wanachoweza, si kwa umri, wanasogea haraka. Shida ni aibu, ile ile ya Garelli: mvulana wa darasa la tano hatakubali kukaa kwenye kundi la "darasa la pili". Basi makundi yapewe majina ya miti, Mwembe, Mnazi, Mkorosho, na mtoto ahame bila kutangazwa.

Kuhusu dini, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya malezi ya Kikristo, unawataka wachungaji na waamini wahakikishe kwamba shule za Kikatoliki zinawajali hasa maskini, wasio na msaada wa familia, na wale wasio na imani yetu. Hatuoni kwa nini ukumbi wa kigango uwe na masharti makali kuliko shule. Mtoto wa Kiislamu aje kwa idhini ya wazazi wake, asifundishwe katekisimu kwa mlango wa nyuma, na saa yake ya madrasa iheshimiwe. Ratiba ikigongana, ni sisi tunaosogeza.

Mchango wa kila wiki tunaupinga, hata uwe mdogo. Mtoto tunayemzungumzia ndiye atakayekuwa wa kwanza kukosa, naye hatasema amekosa hela, ataacha tu kuja. Uji upikwe kwa zamu za jumuiya, kwani wengine hufika bila kula tangu asubuhi. Nasi mafrateri tukubali masharti ya ulinzi wa watoto bila kununa: watu wazima wawili kila wakati, milango wazi, hakuna kumfundisha mtoto chumbani wala kumsindikiza peke yake.

Kwa kuwa muhula unaanza Januari, tunapendekeza orodha iandikwe Desemba hii. Viongozi wa jumuiya wapite nyumba kwa nyumba, za Wakristo na za wasio Wakristo, wakiwa na hadithi ya ukurasa mmoja mkononi, na wamsikilize kila mtoto akisoma.