Acheni Kuua Elektroni kwa Wastani!

Leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni na watu wa fani yangu, sisi waandika programu. Tukipewa data, kwanza tunapiga wastani, pili tunafuta namba zilizo mbali na wenzake, kisha tunajipongeza eti data ni safi. Safi kwa nani?

Tazama upepo wa Jua. Chombo cha NASA, Parker Solar Probe, kilirushwa Agosti 2018, na tarehe 24 Desemba 2024 kikapita kilomita milioni 6.1 tu kutoka uso wa Jua. Wengi walishangilia mwendo wake wa kilomita 690,000 kwa saa. Sawa, lakini utamu uko kwenye mzigo: kina vifaa vinavyohesabu elektroni kwa nguvu zake na upande zinakoelekea. Data yake iko wazi kwenye wavuti, bure.

Sasa zipigie elektroni hizo wastani, upate joto moja. Umepoteza nini? Nyingi ni za mwendo wa kadiri, ndizo kiini. Lakini chache zina kasi kubwa, na elektroni yenye mwendo mara 2 husafiri karibu mara 16 zaidi kabla migongano haijaizuia. Kwa hiyo hizo chache huchomoka kufuata mistari ya sumaku kama mwale mwembamba. Wanasayansi huuita strahl, neno la Kijerumani lenye maana hiyo hiyo. Ndizo hasa zinazosafirisha joto kutoka kwenye Jua. Ukizifuta, umemwaga mahindi ukabaki na gunia.

La pili ni tamu zaidi. Elektroni ni nyepesi kuliko protoni mara 1,836, basi hukimbilia kutoroka. Zikitangulia, unazuka uga wa umeme unaozivuta nyuma na kuzisukuma protoni nje. Elektroni isiyo na nguvu za kutosha hurudishwa kuelekea Jua. Yenye nguvu huenda moja kwa moja. Kwa hiyo, kati ya zinazorudi kuna pengo. Pengo hilo lilionekana kwenye data ya Parker, na mahali linapoanzia panaonyesha uga una nguvu kiasi gani. Yaani elektroni ambazo hazipo ndizo zilizopima umeme! Wewe ungejaza pengo hilo kwa wastani na kwenda kunywa chai.

Mtaniambia wastani una kazi yake. Naam, kwenye hewa ya chumba chako, ambako molekuli hugongana mara mabilioni kwa sekunde, joto moja linatosha. Karibu na Jua migongano ni michache mno. Uhalali wa wastani lazima uthibitishwe, haurithiwi.

Basi chora data yako kwanza, mikia na mapengo yote. Kufuta baadaye, tena kwa sababu unayoweza kuitetea mbele ya watu. Naomba kutoa hoja.