Fimbo ya mbali haiui nyoka

Nina fimbo saba za gofu, zote nilizinunua zikiwa zimekwisha kutumiwa na wengine. Kanuni za mchezo huo zaniruhusu kubeba 14. Majuzi, baada ya kudunduliza senti zangu kwa miezi kadhaa, nilijiuliza: ya nane iwe ipi?

Wenzangu walinihimiza ninunue draiva, ile fimbo ndefu ivurumishayo mpira mbali. Nakiri kwamba moyo wangu uliitamani. Hesabu, hata hivyo, ilinikatalia. Uwanja wa mashimo 18 aghalabu hukadiriwa mapigo 72. Katika kila shimo, mapigo mawili hutengewa kuusukuma mpira penye nyasi fupi zilizolizunguka shimo lenyewe. Hayo ni mapigo 36, yaani nusu kamili! Draiva kwa kawaida haipigwi zaidi ya mara 14.

Nilipozichunguza kadi zangu, niligundua kwamba hasara yangu haiko mbali. Iko hatua chache tu kutoka shimoni, mpira unapozama mchangani nami nikauchapa mara tatu bila ya kuutoa. Basi nikanunua fimbo fupi yenye uso uliolala, ya kuuchopolea humo.

Darasani mambo ni yayo hayo. Mwanafunzi asiyemudu upatanisho wa kisarufi huipamba insha yake kwa msamiati mzito, nasi walimu tukamsifu! Yafaa kila mmoja alitambue kosa lake kwanza, ndipo anunue dawa. Wahenga hawakucheza gofu, lakini fimbo waliijua.